Kutengeneza mchezo wa mezani: anza na karatasi, dadu na watu watatu wavumilivu

Wengi wanaojaribu kubuni mchezo wa mezani huanza na kazi ya mwisho. Wanachora ubao, wanatafuta jina, wanawaza sanduku litakavyopendeza. Miezi sita baadaye wana michoro ya kuvutia na mchezo ambao hakuna aliyewahi kuucheza hadi mwisho. Utamu wa mchezo uko kwenye uamuzi anaofanya mchezaji zamu yake ikifika, na uamuzi huo hauonekani mpaka watu wakae mezani. Kwa hiyo lenga jambo moja kwanza: kufika mezani haraka, hata kama ulichobeba ni vipande vya karatasi vilivyoandikwa kwa penseli.

Ili hesabu zionekane, tutatumia mfano mmoja. Wachezaji 2 hadi 4 wako kwenye meli inayovuja. Zamu yako ikifika unachagua moja kati ya mawili: kuokota shehena (unavuta kadi 2, unabaki na 1) au kupiga pampu ili kupunguza maji. Mwisho wa kila zamu unarusha dadu na maji yanapanda. Meli ikizama, mchezo umekwisha, na mwenye shehena ya thamani kubwa kuliko wote ndiye mshindi.

Hayo tu ndiyo unayohitaji kabla ya kugusa mkasi: sentensi nne au tano zinazosema wachezaji ni wangapi, zamu ina nini ndani yake, mchezo unaishaje na nani anashinda. Ukishindwa kuzijaza, bado huna mchezo, una mada. "Mchezo kuhusu anga za juu" ni mada, na mada haichezeki.

Sasa uchunguze uamuzi wenyewe. Kwa nini mtu achague la pili badala ya la kwanza? Kwenye meli yetu jibu ni baya: hakuna sababu. Anayepiga pampu anapoteza zamu yake, faida wanagawana wote. Kila mmoja atamsubiri mwenzake apige, na wote wataokota shehena mpaka chombo kiende chini. Huo si uamuzi. Dawa moja ni kumpa kila mtu hofu yake mwenyewe: weka uzito kwenye kila kadi, halafu sema kwamba meli ikizama, mwenye mzigo mzito kuliko wote anapoteza kadi yake ya thamani kubwa kabisa. Ghafla aliyejaza anataka meli ielee mpaka mwingine ampite kwa uzito, naye aliye wa pili kwa uzito anaombea izame sasa hivi. Kanuni moja ya ziada, na watu wawili mezani wanataka vitu viwili tofauti. Kanuni zisizoleta mvutano wa namna hiyo unaweza kuzifuta bila kuzikumbuka tena.

Piga hesabu kabla ya kukata karatasi

Tuseme kipimo cha maji kina hatua 20, pampu inashusha hatua 2, na dadu inasomwa hivi: ukipata 1 au 2 maji yanapanda hatua 1, ukipata 3, 4 au 5 yanapanda 2, ukipata 6 yanapanda 3. Wastani kwa zamu ni (1×2 + 2×3 + 3×1) ÷ 6, yaani 11 ÷ 6, karibu 1.83.

Tazama hali mbili zilizo mwisho wa kila upande. Wote wakipiga pampu kila zamu, maji yanapanda 1.83 na kushuka 2, kwa hiyo kwa wastani yanashuka. Mchezo hauishi kamwe. Wote wakiokota, 20 ÷ 1.83 ni kama zamu 11. Mezani wakiwa wanne, kila mmoja hapati hata zamu 3. Dakika mbili za kalamu zimeonyesha makosa mawili ambayo yangekugharimu jioni nzima ya watu.

Rekebisha: pampu ishushe hatua 1, kipimo kiwe na hatua 30. Wote wakipiga, maji yanapanda 0.83 kwa zamu na meli inazama baada ya zamu kama 36. Wote wakiokota, ni zamu 16 au 17. Wakigawana nusu kwa nusu, wastani ni 1.33 na zamu ni kama 22. Kwa wachezaji 4 hiyo ni zamu 5 au 6 kwa kila mtu, na zamu ikichukua sekunde 40 mchezo unaisha kwa takriban dakika 15. Wachezaji 2 wangepata zamu 11 kila mmoja, ambazo ni nyingi mno kwa mchezo mwepesi, basi wao waanze maji yakiwa hatua ya 10. Kadi je? Zamu 17 za kuokota mara kadi 2 ni 34, hivyo 40 zinatosha, ukiandika pia kwamba lundo likiisha mnachanganya zilizotupwa.

Hesabu hizi hazikuambii kama mchezo ni mtamu. Zinakuambia kama utaisha, na kama utaisha kabla watu hawajaanza kuangalia simu.

Sampuli ya kwanza iwe mbaya kwa makusudi

Kadi za kawaida za michezo zina ukubwa wa milimita 63 kwa 88. Kwenye karatasi ya A4 zinaenea 9, tatu kwa tatu, na nafasi ya pembeni inabaki. Njia iliyozoeleka ya kuzifanya ngumu bila kutafuta karatasi nene ni hii: nunua vifuko vya plastiki vya kadi vya ukubwa huo, tia karata ya kawaida ndani ya kila kimoja, kisha mbele yake chomeka kipande chako cha karatasi nyembamba. Zinachanganyika vizuri, migongo yote inafanana, na ukitaka kubadilisha kadi unachomoa karatasi na kuchomeka nyingine. Usigundishe chochote kwa gundi katika hatua hii. Gundi hukunja karatasi, na baya zaidi, hukufanya usite kuitupa.

Vitu vingine: dadu za milimita 16, vifungo vya nguo au sarafu kama kete, kalamu ya risasi, rula ya chuma na kisu chenye wembe wa kubadilisha. Kata kwa kupitisha wembe mara tatu au nne kwa mkono mwepesi. Ukikandamiza ili ukate kwa mara moja, rula inateleza na kingo zinachanika.

Namba na alama muhimu ziwekwe kona ya juu kushoto ya kadi. Mtu akishika kadi mkononi huzitandaza kama pepeo na kinachobaki kuonekana ni kona hiyo tu. Kwenye kadi ya shehena, kona ibebe thamani na uzito. Jina la bidhaa linaweza kukaa katikati, maana hakuna anayelihitaji ili kuamua.

Michoro usiweke. Watu huona haya kukosoa kitu kizuri, na wewe mwenyewe utaona uchungu kufuta kadi uliyoipaka rangi usiku kucha. Andika namba ya toleo na tarehe kwenye kila karatasi, kwa herufi ndogo chini kabisa. Kadi za toleo la 3 zikichanganyika na za toleo la 4, mtajadili kwa nusu saa tatizo ambalo halipo.

Bahati: dadu haina kumbukumbu, lundo la kadi linayo

Dadu mbili zina matokeo 36. Jumla ya 7 hutokea kwa njia 6, za 6 na 8 kwa njia 5 kila moja, za 5 na 9 njia 4, za 4 na 10 njia 3, za 3 na 11 njia 2, za 2 na 12 njia 1. Tofauti kati ya 8 na 12 ni mara tano, na mchezaji mgeni hawezi kuihisi tofauti hiyo kwa kuangalia namba. Catan, mchezo wa mezani wa Klaus Teuber uliotoka 1995, hulitatua kwa nukta: chini ya kila namba kuna nukta zinazoonyesha njia ngapi zinaileta, na 6 na 8, zenye nukta 5, zimeandikwa kwa rangi nyekundu. Mchezaji hahitaji kutafuta jedwali la uwezekano kwa sababu limeshachapwa pale anapotazama. Wizi wa namna hii unaruhusiwa.

Dadu inaweza kutoa 6 mara nne mfululizo na mara ya tano isiwe na deni kwa mtu. Kadi iliyokwisha kutoka imetoka, zilizobaki zinajulikana. Ukitaka bahati inayojisawazisha, tumia kadi. Kwenye meli yetu unaweza kuiweka dadu kando na kutumia kadi 6 za mawimbi (mbili za 1, tatu za 2, moja ya 3) zinazochanganywa upya zikiisha. Wastani ni ule ule 1.83, lakini kila zamu 6 maji yatapanda hatua 11 kamili, na mchezaji mwangalifu atahesabu kwamba wimbi kubwa bado liko ndani.

Unaweza hata kupanga mahali ambapo balaa litatokea bila kusema lini hasa. Katika Pandemic ya Matt Leacock, ya 2008, mchezo wa kupambana na magonjwa ya kuambukiza, lundo la kadi za wachezaji hugawanywa katika mafungu yanayokaribiana, kila fungu hutiwa kadi moja ya mlipuko na kuchanganywa, kisha mafungu hupangwa moja juu ya jingine. Milipuko haiwezi kurundikana yote mwanzoni. Na mlipuko ukitokea, kadi za miji iliyokwisha kuambukizwa huchanganywa na kurudishwa juu ya lundo lao, hivyo miji ile ile hupigwa tena. Hofu mezani inaletwa na jinsi ya kuchanganya kadi, basi.

Kosa la mara kwa mara kwa upande wa kadi ni kuujenga mchezo juu ya kadi ambayo huenda isitoke. Chukua lundo la kadi 60 lenye nakala 3 za kadi unayoihitaji, na mchezo ambao kwa kawaida hufunua kadi 20. Uwezekano wa kuona walau moja ni kama asilimia 71. Maana yake katika karibu michezo 3 kati ya 10 kadi hiyo haitaonekana kabisa, na aliyeitegemea atasema mchezo wako ni wa kubahatisha. Atakuwa amesema kweli. Kwa dadu, tovuti ya AnyDice hukokotoa michanganyiko ya kila aina bure. Kwa kadi, Excel na lahajedwali nyingi zina fomula tayari iitwayo HYPGEOM.DIST.

Halafu kuna suala la bahati kuja kabla au baada ya uamuzi. Ukivuta kadi 2 ndipo uchague 1, bahati imekupa swali na jibu ni lako. Ukiamua kwanza ndipo dadu iseme kama umefaulu, bahati imekuhukumu. Zote mbili zina nafasi yake, ila bahati ya pili huuma. Mtu aliyefikiri dakika tatu kisha dadu ikamnyima ana haki ya kununa, kwa hiyo zamu zenye hukumu ya dadu ziwe fupi.

Kujaribisha

Raundi ya kwanza cheza peke yako, ukishika kadi za wachezaji wote wanne. Mara 3 hadi 5 zinatosha kuona kama kitu kinavunjika: lundo linaisha mapema, kanuni mbili zinagongana, mchezaji anabaki bila hatua halali. Huwezi kupima utamu kwa njia hii, kwa sababu unajua siri za kila mtu.

Raundi ya pili ni watu unaowajua. Watakusamehe sana, na ndiyo maana maneno yao yana uzito mdogo kuliko nyuso zao. Kaa na karatasi na uandike: toleo, tarehe, idadi ya wachezaji, saa ya kuanza na kumaliza, nani alikaa nafasi ya ngapi na alipata pointi ngapi, kila swali la kanuni lililoulizwa kwa maneno yale yale waliyotumia, na dakika ambayo mtu wa kwanza alianza kuangalia pembeni. Baada ya mchezo usiulize "Mmeupenda?" Jibu ni "Ndiyo, mzuri," na halina kazi. Uliza hivi:

- Ulikuwa unajaribu kufanya nini?
- Ni zamu gani hukuwa na la kuchagua?
- Kanuni ipi uliisahau, na uliisahau mara ngapi?
- Ulijua lini kwamba umeshashindwa?

Swali la mwisho ndilo kali kuliko yote. Mtu akisema alijua dakika ya 10 kwenye mchezo wa dakika 40, umemfungia kwa nusu saa.

Watu watakupa dawa bila kuombwa: "Ongeza kadi za kuiba!" Andika ugonjwa, dawa iweke kando. Anayetaka kuiba anakuambia kwamba hana njia ya kumgusa anayeongoza, na kuna njia nyingi za kumpa hilo. Toleo linalofuata libadilishe kitu kimoja. Ukibadilisha vitano na mchezo ukapona, hujui kipi kilichoponya, na siku ukiondoa kimoja ili kupunguza gharama unaweza kuwa umeng'oa mzizi.

Mchezo ukivunjika katikati, simamisha. Hakuna heshima katika kuwafanya watu wanne wamalize kitu ambacho umeshaona hakiendi.

Raundi ya tatu ni wageni, na ya mwisho ni wageni bila wewe: unawapa sanduku na karatasi ya kanuni, unakaa pembeni, mdomo umefungwa. Wakiuliza, unasema "someni," tu. Wakicheza vibaya, waache wacheze vibaya mpaka mwisho, maana unachokijaribu hapo ni maandishi. Kuvumilia hili ni kugumu kuliko kubuni.

Yale yanayoharibika mara nyingi

Anayeongoza hashikiki. Chanzo chake karibu siku zote ni mzunguko: mapato yananunua vitu vinavyoongeza mapato. Aliyetangulia zamu ya 2 anakuwa mbali mara tatu kufikia zamu ya 8. Kumwadhibu moja kwa moja huudhi, na wajanja huanza kubaki nyuma makusudi. Afadhali upandishe bei ya kila kitu kinachofuata, au uumalize mchezo mapema, au ufanye kama Dominion, mchezo wa kadi wa Donald X. Vaccarino wa 2008: kadi nyingi za pointi hazifanyi kazi yoyote zikiingia mkononi mwako katikati ya mchezo, kwa hiyo kukimbilia ushindi kunakupunguzia kasi.

Nafasi ya kukaa. Katika sataranji ya mashindano mwenye nyeupe hupata kama asilimia 54 au 55 ya pointi kwa kuanza tu. Katika Go, mchezo wa ubao wa Asia Mashariki, anayecheza wa pili hufidiwa pointi 6.5 kwa kanuni za Japani na 7.5 kwa za China, na nusu ile ipo ili kuzuia sare. Njia ya tatu, inayotumika katika Hex, mchezo wa ubao wa watu wawili, ni ya kugawana keki: mmoja anacheza hatua ya kwanza, mwenzake anachagua kama achukue upande huo au abaki na wake. Katika michezo 20 ya watu wanne, kila kiti kingetarajiwa kushinda mara 5. Kiti kikishinda mara 7 usikimbilie kubadilisha chochote, bahati tu inaweza kuleta hilo. Kikishinda mara 10, anza kukishuku.

Kusubiri. Watu wanne, zamu ya dakika 2: kila mmoja anakaa dakika 6 akitazama dari. Hila rahisi ni kuhamisha uvutaji wa kadi kutoka mwanzo wa zamu hadi mwisho wake. Mtu anavuta, anapitisha zamu, anafikiri wakati wengine wakicheza. Mchezo unafupika bila kanuni yoyote kufutwa.

Njia moja inayoshinda zote. Mwombe mchezaji mmoja awe mkaidi: kwenye meli, aokote tu na asiguse pampu hata mara moja. Katika mchezo unaofuata mwingine apige pampu kila anapoweza. Mkaidi akishinda mara kwa mara dhidi ya watu wanaofikiri, uamuzi wako wa kwanza uliouandika ni wa bandia.

Kisha kuna yule asiyeweza kushinda tena lakini kadi yake ya mwisho inaamua kati ya wengine wawili nani ashinde. Hili haliishi kabisa kwenye michezo ya watu watatu na zaidi. Linapungua pointi zikifichwa mpaka mwisho.

Kuandika kanuni

Mpangilio uliozoeleka hauna haja ya kubuniwa upya: lengo, vilivyomo sandukuni na idadi yake, maandalizi yenye picha ya meza, zamu, mwisho wa mchezo, kuhesabu pointi, sare. Sare husahaulika kila mara.

Kitu kimoja kiwe na jina moja. Ukisema "shehena" ukurasa wa 1 na "mzigo" ukurasa wa 3, msomaji atatafuta tofauti. "Lazima" na "unaweza" visibadilishane nafasi. Kiswahili nacho kina mitego yake: "Maji yakipanda mpaka hatua ya 30" linamaanisha yakifika 30 au yakiipita? Wawili mezani watasoma tofauti na wote watakuwa sahihi. Andika "Kete ya maji ikifika hatua ya 30 au kupita hapo, meli imezama."

Linganisha. Rasimu: "Mchezaji anavuta kadi na kuchagua anayoitaka." Ngapi? Kutoka wapi? Nyingine inaenda wapi, na wenzake wanaiona? Iliyorekebishwa: "Vuta kadi 2 za juu kutoka lundo la shehena. Weka 1 mbele yako, uso juu. Nyingine iweke kwenye lundo la kutupia, uso chini." Ni ndefu kidogo na hakuna swali litakaloulizwa.

Vifaa vya kompyuta

Ukifika toleo la tano hivi, kuandika kwa mkono kunachosha. Weka kadi zote kwenye lahajedwali, mstari mmoja kwa kadi moja, safu za jina, thamani, uzito na maelezo. nanDECK, programu ya bure ya Windows, inasoma jedwali hilo na kutoa kadi zote kwa PDF. Ukibadilisha namba moja unatoa upya lundo zima kwa dakika moja. Inahitaji kuandika amri, na mwonekano wake ni wa kizamani, lakini kazi inafanya. Inkscape ni ya kuchora ubao na alama, Scribus ya kupanga kijitabu cha kanuni, zote bure. Game-icons.net ina maelfu ya alama za rangi moja ambazo unaruhusiwa kutumia hata kibiashara kwa leseni ya CC BY 3.0, mradi umtaje mchoraji. Watu husahau sharti hilo.

Wachezaji wakiwa mbali, Tabletop Simulator (ya kulipia) na Tabletopia hukuwezesha kupakia kadi na kuchezea mtandaoni. Angalizo: kuchanganya kadi na kuhesabu kete huko ni bonyezo moja, hivyo mchezo wenye vitu 200 vya kupanga utaonekana mwepesi mpaka siku uupange kwa mikono. Kabla hujaipenda hila yako mpya, pia, itafute kwenye BoardGameGeek, hifadhidata iliyopo tangu 2000. Huenda mtu alishaijaribu, na wachezaji walishaandika ilipokwama.

Ukienda kuchapisha

Faili iwe ya nukta 300 kwa inchi, na picha izidi ukingo wa kukatia kwa milimita 3 kila upande. Kadi ya 63 kwa 88 kwa hiyo inatengenezwa ikiwa 69 kwa 94, ambayo ni pikseli 815 kwa 1110. Maandishi na namba vikae walau milimita 3 ndani ya ukingo. Mgongo wa kadi usiwe na fremu nyembamba: mashine ya kukata husogea kidogo, fremu inakuwa nene upande mmoja, na baada ya michezo michache watu wanazitambua kadi kwa nyuma. Rangi geuza ziwe CMYK (mfumo wa wino nne za kuchapia) mapema, la sivyo bluu na kijani kali za kwenye skrini zitatoka zimefifia. Na kete za nyekundu na kijani zitofautishwe kwa umbo au alama, kwa ajili ya wasiozitofautisha rangi hizo.

Viwanda vingi hupanga kadi 54 au 55 kwenye karatasi moja kubwa. Mchezo wa kadi 58 unaweza kulipiwa karatasi mbili, kwa hiyo uliza idadi yao kabla ya kufunga muundo. Kadi 40 za shehena, 6 za mawimbi na 4 za msaada wa kanuni ni 50, tunaenea. Kwa nakala moja au mbili, huduma kama The Game Crafter huchapa unapoagiza, kwa bei ya juu kwa kila sanduku. Kiwandani bei kwa nakala hushuka sana, lakini oda huanzia mamia au elfu.

Jinsi mchezo unavyochezwa kwa kawaida hailindwi na hakimiliki. Maandishi ya kanuni na michoro hulindwa, na jina hulindwa kama alama ya biashara. Hataza (haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake) zipo lakini ni adimu na ghali: Lizzie Magie alipata yake Marekani mwaka 1904 kwa The Landlord's Game, mchezo uliotangulia Monopoly. Kwa hiyo waonyeshe watu mchezo wako bila hofu. Umri unaouandika kwenye sanduku nao una gharama: katika Umoja wa Ulaya kitu kilichokusudiwa kuchezewa na watoto walio chini ya miaka 14 huhesabiwa kisheria kuwa kichezeo cha watoto na lazima kipite vipimo vya usalama, na ndiyo maana masanduku mengi yameandikwa 14+ ingawa mtoto wa miaka 10 angeyamudu.

Ukitaka kumpelekea mchapishaji badala ya kuchapa mwenyewe, usimlipe mchoraji. Mchapishaji karibu kila mara huweka michoro yake. Andaa ukurasa mmoja: jina, idadi ya wachezaji, dakika, umri, orodha ya vitu vyote kwa idadi, picha ya meza katikati ya mchezo, na sentensi mbili kuhusu uamuzi wa kila zamu. Orodha ya vitu ndiyo anayoipigia hesabu kwanza, kwa hiyo iandike kamili, hadi kete ya mwisho.